Je, "Prefer" ni Kupendelea?

Makala haya ni ya sarufi na tafsiri, lakini usifunue ukurasa upesi. Yanatokana na kisa kilichonipata mimi mwenyewe, na wewe uliyekuwa bwaloni siku ile unakijua kisa chenyewe, ingawa huenda hujui kilichofuata.

Ilikuwa Jumanne ya Juma la Kiswahili. Kama ijulikanavyo, katika juma hilo matangazo yote ya shule husomwa kwa Kiswahili, na kazi ya kuyatafsiri ni ya chama chetu. Siku hiyo zamu ilikuwa yangu. Watahiniwa wa Kidato cha Nne walikuwa wakifanya mtihani wa majaribio na karatasi ya alasiri ilikuwa ianze saa nane kamili. Mwalimu wa zamu akanipa kikaratasi chenye sentensi moja ya Kiingereza: "The teacher on duty prefers Form Four to be served first."

Nilikisoma mara moja tu. Nikapanda juu ya benchi, nikakohoa kidogo kama msomaji habari wa redio, nikatangaza:

"Mwalimu wa zamu anawapendelea Kidato cha Nne! Wapakuliwe kwanza!"

Kukawa kimya kidogo. Kisha sauti ikatoka kwenye meza za Kidato cha Kwanza: "Si tulisema!" Bwalo zima likaangua kicheko. Wengine walipiga makofi, wengine wakagonga sahani kwa vijiko. Mwalimu wa zamu alikuwa amesimama karibu na dirisha la wapishi, kikombe cha chai mkononi. Alikiweka kikombe juu ya meza, akatoka nje bila kusema neno.

Mimi, nikiwa bado juu ya benchi, sikujua nimefanya nini. Nilikuwa nimetafsiri tu, au sivyo?

Jioni niliitwa kwenye chumba cha walimu. Nilidhani nitachapiwa makelele, lakini mwalimu hakunifokea. Ningefurahi angenifokea. Alisema kwa sauti ya chini, "Mwanangu yumo katika Kidato cha Pili, hapa hapa shuleni. Miaka miwili hii sijamwongezea hata kijiko kimoja cha maharagwe, ili mtu asije akasema nina upendeleo. Leo amesikia shule nzima ikipiga makofi, babake akiitwa mpendeleaji."

Sikuwa na la kujibu. Mwalimu wetu wa Kiswahili, aliyekuwa akisahihisha madaftari pembeni, aliinua kichwa, akaniambia: "Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Wewe umeshajikwaa. Sasa nenda ukalichunguze neno hilo, na usiniletee maana moja, kwa maana halina moja. Ukimaliza, uandike katika jarida."

Basi haya ndiyo niliyoyapata.

1. "Prefer" lilitoka wapi

Neno hili Waingereza hawakulizaa wenyewe. Asili yake ni Kilatini, praeferre: prae ni "mbele", na ferre ni "kubeba". Kwa hiyo, mwanzoni kabisa, maana yake ilikuwa kubeba kitu mbele ya kingine, yaani kukitanguliza. Katika zama za Shakespeare neno hilo lilitumika hata kwa maana ya kumpandisha mtu cheo.

Angalia ajabu hiyo! Mwalimu wa zamu alitaka watahiniwa watangulizwe. Ningalifuata asili ya neno lenyewe, ningalisema "watangulie" na mambo yangeisha kwa amani.

Leo Mwingereza akisema "prefer", kwa kawaida anaeleza jambo dogo: kati ya vitu viwili au zaidi, kimoja kinamridhisha zaidi. Hasemi kwamba kile kingine ni kibaya. Hasemi pia kwamba anamdhulumu mtu. Anaeleza uchaguzi wake tu. Hata hivyo tusidhani Kiingereza hakina upande wa pili. "Preferential treatment" ni upendeleo ule ule tunaoulalamikia sisi. Tena ukisoma magazeti ya Kiingereza utakutana na "prefer charges", ambayo ni kufungua mashtaka mahakamani. Atakayeandika "kupendelea mashtaka" atachekwa kuliko nilivyochekwa mimi.

2. Kupendelea: neno lenye makali

Tuje kwetu. Shina ni pend-. Tunapata penda, kisha pendea, kisha pendelea. Kinyambuo cha kutendea kimerudiwa, na mara nyingi urudiaji wa namna hii huleta maana mpya kabisa. Linganisha:

enda – endea – endelea
ona – onea – onelea
penda – pendea – pendelea

Kuendelea si kuendea mara mbili, na kuonelea ni mbali sana na kumwonea mtu. Vivyo hivyo kupendelea kumejitenga na kupenda, na kuna maana mbili.

Ya kwanza haina ubaya: kupenda kitu au jambo zaidi ya mengine. "Napendelea kusoma asubuhi." "Dada yangu hupendelea rangi ya samawati." Hapa hakuna anayelalamika, maana rangi haidai haki na asubuhi haiwezi kwenda kushtaki kwa mwalimu mkuu.

Ya pili ndiyo iliyonitia taabani. Kupendelea ni kumfaa mtu mmoja zaidi ya wengine mahali ambapo wote walistahili sawa. Refa akimpendelea mwenyeji, mechi huharibika. Mzazi akimpendelea kitindamimba, nyumba huingia kinyongo. Kutokana na kitenzi hiki tunapata upendeleo, na sijawahi kusikia mtu akisifiwa kwa upendeleo wake.

Utatambuaje maana ipi imekusudiwa? Mimi nimejiwekea kanuni hii: tazama anayependelewa ni nani, na anayependelea ana mamlaka gani. Kikiwa ni kitu au tendo, neno ni salama. Akiwa ni mtu, hasa kitenzi kikibeba kiambishi cha mtendwa kama vile -m- au -wa- (anampendelea, anawapendelea), masikio ya Mswahili yanasikia lawama. Na mtendaji akiwa mwalimu, hakimu, mzazi, refa, chifu au kiranja wa bwalo, lawama hiyo ni nzito, kwa sababu kazi yake ni kugawa sawa. Mimi niliyaweka yote matatu katika sentensi moja: mwalimu, watu, na -wa-.

3. Kupenda zaidi, kupenda kuliko

Kama unaeleza ladha yako tu, neno jepesi latosha. "Napenda chai kuliko uji." "Napenda mpira wa wavu zaidi." Wengi wetu tunadhani lazima kila neno la Kiingereza lipate neno moja refu la Kiswahili. Si lazima. Rafiki yangu wa Malindi aliniambia nyumbani kwao hakuna anayemuuliza mgeni "unapendelea kinywaji kipi". Huulizwa tu, "Wapenda chai au kahawa?" Naye mgeni mwenye adabu hujibu, "Chochote utakachonipa."

Na huku kwetu bara vijana tunasema, "Wewe unapenda gani, chapati ama mandazi?" Mwingine anajibu, "Mimi napenda chapo kushinda mandazi." Katika mazungumzo hatugombani. Ila katika insha andika kuliko au zaidi ya.

Hapo kwenye kuliko pana mtego wa pande mbili, nami nimeuona katika madaftari yetu. Kwa Kiingereza "prefer" hufuatwa na "to": "I prefer tea to porridge." Sisi, kwa kuwa vichwani tuna kuliko, tunaandika "prefer tea than porridge", na mwalimu wa Kiingereza anapitisha kalamu nyekundu. Halafu tukirudi kwenye Kiswahili, tunaibeba ile "to" na kuandika "napendelea chai kwa uji". Hiyo inaeleweka kana kwamba chai yako unainywa pamoja na uji! Kila lugha na kiungo chake: Kiingereza "to", Kiswahili kuliko.

Jambo jingine dogo: maana ya zaidi tayari imo ndani ya kupendelea. Ukisema "napendelea zaidi" umevaa kofia mbili. Si dhambi, lakini moja yatosha.

4. Afadhali na heri

Haya ndiyo maneno tunayoyatumia kila siku, na ajabu ni kwamba hatuyakumbuki tukiona "prefer". Yote mawili yametoka katika Kiarabu. Afadhali ni ndugu wa fadhili, fadhila na mfadhili, na asili yake ni kile kilicho bora zaidi. Heri asili yake ni wema, ndiyo maana tunaagana kwa kwaheri na kutakiana kila la heri. Vitabu vya zamani huandika kheri.

Katika sentensi hufuatwa mara nyingi na kitenzi cha dhamira: "Afadhali twende kwa miguu." "Heri umwambie ukweli." Kiingereza hapa kinapenda "would rather". Neno hilo "rather" lenyewe, hapo zamani, lilikuwa na maana ya "mapema zaidi" au "upesi zaidi". Mtu akisema "I would rather walk than wait", ni kama kusema yu radhi kuanza kutembea mapema kuliko kungoja.

Lakini sikiliza kwa makini. Afadhali na heri hupima uzito. Mara nyingi katika mizani hiyo pande zote mbili zina kasoro, nasi tunachagua ile iliyo nafuu. Ndiyo maana methali zimejaa heri: heri nusu shari kuliko shari kamili, heri kufa macho kuliko kufa moyo. Nani anayependa shari, hata nusu? Hakuna. Nani anayetaka kupofuka? Hakuna. Ila ikibidi kuchagua, mtu huchagua.

Ukilisahau jambo hili utamuudhi mwenyeji wako. Mama ya rafiki yako amekuuliza, "Nikupe chai au uji?" nawe ukajibu, "Aa, afadhali chai." Umevitukana vyote viwili! Umemwambia uji wake haunyweki na chai yake unaivumilia. Sema "Nitashukuru kwa chai", upewe na mandazi.

Afadhali pia hutumika kwa mgonjwa: "Leo ana afadhali." Yaani hajapona, ila jana ilikuwa mbaya zaidi. Maana ni ile ile ya nafuu.

5. Bora

Bora ni kivumishi kisichobadilika: mtu bora, kitabu bora, mbegu bora. Mtu akisema kitu ni bora, anatoa hukumu kuhusu kitu chenyewe. Anayesema "napenda" anajieleza yeye mwenyewe. Mimi naweza kupenda kalamu yangu kuukuu huku nikikiri kwamba yako ni bora. Kwa hiyo anayetafsiri "I prefer this pen" kuwa "kalamu hii ni bora" amevuka mpaka, kwani ameyafanya mapenzi kuwa ushahidi.

Katika mazungumzo yetu bora ina kazi nyingine: "Chukua kitabu changu, bora urudishe kesho." Hapa maana ni mradi au almuradi. Hakuna kulinganisha kokote. Katika insha rasmi, andika mradi.

6. Kuonelea, kuchagua na hiari

Kuna nyakati ambapo "prefer" ni uamuzi wa mtu mwenye wajibu, wala si ladha ya ulimi wake. Daktari anayesema "I prefer that you rest" hasimulii mapenzi yake. Anatoa ushauri. Hapo tumia kuonelea: "Daktari anaonelea afadhali upumzike." Kitenzi hiki kinasema kwamba mtu ametazama jambo, akalipima, akafikia rai.

Ikiwa mtu ameshatenda, yaani ameshachukua kimoja na kuacha kingine, sema amechagua. Na ikiwa unasisitiza kwamba hakulazimishwa, tumia hiari: "Ni kwa hiari yake." Wahenga walisema hiari yashinda utumwa, na pia wakatuonya kwamba mchagua nazi hupata koroma. Katika fomu za kujaza, pale penye "preferred subject", somo ulilochagua linatosha kabisa. Si lazima tuandike "somo pendelewa", neno ambalo hata bibi yangu angeuliza ni ugonjwa gani.

7. Maswali matatu kabla ya kutafsiri

Kutokana na haya yote, sasa kila ninapokutana na "prefer" najiuliza:

Kwanza, ni nini dhidi ya nini? Vitu, vitendo, au watu?
Pili, msemaji anaeleza ladha, anapima nafuu, anatoa rai, au anagawa haki?
Tatu, atakayesikia atasikia nini? Hili ndilo nililolisahau. Sentensi yangu ilikuwa sahihi katika kichwa changu. Bwaloni ikawa mashtaka.

Zoezi

Jaribu kutafsiri kwanza, kisha linganisha na majibu yangu yaliyo chini. Usichungulie!

a) I prefer mangoes to oranges.
b) My father prefers my brother to me.
c) I would rather fail than cheat.
d) The coach prefers that we train in the morning.
e) The prosecutor preferred charges against the driver.

Majibu: a) Napenda maembe kuliko machungwa. b) Baba anampendelea ndugu yangu kuliko mimi. Hapa kupendelea kunafaa, kwa sababu huyu kweli analalamika. c) Heri nianguke mtihani kuliko kuiba. d) Kocha anaonelea afadhali tufanye mazoezi asubuhi. e) Mwendesha mashtaka alimfungulia dereva mashtaka. Ukipata jibu tofauti na langu, usikate tamaa. Lete hoja yako katika mkutano wa chama siku ya Alhamisi, tubishane.

Hatima ya kisa

Nilipoyapeleka haya kwa mwalimu wa Kiswahili, aliyasoma hadi mwisho, akaniuliza swali moja tu: "Na bwaloni je?" Nikaelewa.

Kesho yake mchana nilipanda benchi lile lile. Magoti yalikuwa yakitetemeka, sikufichi. Nilisema: "Juzi nilitangaza kwamba mwalimu wa zamu anawapendelea Kidato cha Nne. Hakusema hivyo. Nilikosea mimi. Alionelea heri watahiniwa watangulie kupakuliwa, kwa sababu mtihani wao ulikuwa uanze saa nane. Mwalimu hakumpendelea mtu yeyote. Namwomba radhi, na ninyi pia."

Safari hii hakuna aliyepiga makofi. Watu waliendelea kula. Nilishuka nikaenda zangu kwenye meza ya mwisho, nikala peke yangu, na githeri ilikuwa imepoa.

Mwanawe mwalimu analala bweni moja nami. Tangu Jumanne hakuwa amenisemesha, hata nilipompisha mlangoni. Jioni hiyo alikuja na sahani yake, akaketi mkabala nami. Alikuwa na kipande cha ugali wa katikati, laini, na kingine cha ukoko. Akanisogezea sahani, akauliza:

"Wapenda upi?"

Wallahi, msomaji, swali jepesi kama hilo lilinifanya nifikiri kwanza. Nikakumbuka mgeni wa Malindi.

"Wowote utakaonipa," nikamjibu.

Akacheka, akanipa ukoko. Ni mgumu ule, lakini niliutafuna wote. Hapo natua kalamu yangu. Kwaherini, na kila la heri katika mitihani yenu.